Historia ya «meno ya nailoni»: jino linalohukumiwa bure

Katika inchi za Maziwa Makuu, mtoto wa miezi mitano ao sita akishikwa na kuhara, kutapika na homa, mara nyingi jirani humwambia mama: «Fungua kinywa chake, hayo ni meno ya nailoni.» Wanatazama, wanaona ufizi umevimba na kuwa mweupe pale penye meno ya chonge, yale yenye ncha. Mtoto anapelekwa kwa munganga wa kienyeji. Yeye anapasua ufizi kwa kisu, msumari ao waya wa gurudumu la baiskeli, kisha anatoa kitu cheupe na laini, mfano wa funza. Mama anaambiwa kwamba hicho ndicho kilikuwa kinamuua mtoto wake.

Kitu hicho si funza wala nailoni. Ni mbegu ya jino. Jino la chonge la utoto huanza kujitengeneza kabla mtoto hajazaliwa. Hukaa ndani ya ufizi likiwa bado laini, na kwa kawaida hutokea mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Ukipasua ufizi wa mtoto mzima asiye na ugonjwa wowote, utaikuta mbegu ileile.

Mwaka 1969, mtaalamu wa meno kutoka Denmark, Jens Pindborg, aliandika juu ya desturi hiyo kati ya Waacholi wa kaskazini mwa Uganda. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Tanzania na Kenya waliandika juu yake katika inchi zao. Huko Uganda wengi huyaita «ebino», Tanzania ni «meno ya nailoni» ao «meno ya plastiki». Uganda na Tanzania zinapakana nasi, na imani ya namna hii haisimamishwi mpakani.

Lakini tusifikiri kwamba ni ujinga wa Waafrika peke yao. Katika karne ya 16, Ambroise Paré, mpasuaji mashuhuri wa Ufaransa, alifundisha kupasua ufizi wa watoto ili meno yapate njia. Mwaka 1839, vitabu vya serikali huko Uingereza na Wales viliandika vifo 5,016 vya watoto kuwa vimeletwa na kuota meno. Waliouawa kwa kweli na kuhara ao magonjwa ya mapafu waliandikwa kwamba wameuawa na meno.

Kwa nini jino linasingiziwa hivyo? Ni sababu ya wakati wake. Kuanzia mwezi wa nne ao wa tano, mtoto hutia kila kitu kinywani, huanza kupewa uji na maji, na kinga aliyoipata kwa mama yake inapungua. Kuhara kunakuja wakati uleule ufizi unapovimba. Tena, kuhara kwingi huisha kwenyewe kisha siku chache. Kukiisha, munganga anapata sifa. Mtoto akifa, watu wanasema aliletwa akiwa amechelewa.

Kidonda chenyewe kina hatari zake. Mtoto ambaye kuhara kumekwisha kumkausha maji anapoteza na damu. Chuma kichafu kinaweza kuingiza vijidudu katika damu yake, ao tetanosi, ao virusi vya SIDA kama kimetumiwa kwa mtoto mwingine. Ugonjwa wa kweli, labda malaria, unaendelea bila dawa. Hata akipona, madhara yanaweza kuonekana kisha miaka mingi: meno ya chonge ya ukubwa, yanayotokea kati ya miaka 9 na 12, yanatoka yameharibika ao hayatoki kabisa, sababu mbegu zake ziko karibu na zile zilizong'olewa.

Wazazi, mtoto akihara, endeleeni kumnyonyesha na mumpeleke kwenye kituo cha afya. Huko atapewa maji ya SRO na zinki, na homa yake itapimwa. Kama mtoto amekwisha kupasuliwa ufizi, msifiche kwa haya. Akitoka damu bila kukoma, akikataa ziwa, akichemka ao taya zake zikikazana, mumkimbize hospitali siku hiyohiyo na mumwambie munganga yote yaliyofanyika.