Anwani Inayobishana na Kitabu: Hoja Dhidi ya Kigezo cha Ufaafu

Aliyesoma fasihi ya Kiswahili katika shule za upili za Kenya analijua swali la ufaafu wa anwani. Mwanafunzi hutakiwa aonyeshe jinsi jina la riwaya au tamthilia linavyosadifu yaliyomo, naye huorodhesha matukio: hapa jina limejitokeza, na hapa tena. Zoezi hili lina faida, kwani humrudisha kwenye matini. Hata hivyo, limesimama juu ya dhana finyu kwamba anwani bora ni ile inayolingana na kitabu. Makala hii inadai kuwa thamani ya anwani iko kwingine. Anwani bora ni dai linalotolewa kabla ya ushahidi, na msomaji hulipima ukurasa kwa ukurasa.

Tuitazame Siku Njema ya Ken Walibora (1996). Msomaji wa Kiswahili akiyaona maneno hayo mawili jaladani, huyakamilisha mwenyewe kwa methali aliyoizoea: siku njema huonekana asubuhi. Anwani haikuitaja asubuhi. Msomaji ndiye aliyeileta. Kisha hadithi inaanza kuisuta methali. Asubuhi ya mhusika mkuu, Kongowea Mswahili, ni chungu: anafiwa na mama angali mdogo, anaonja mateso ya uyatima, hatimaye anaondoka Tanga na kuvuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta baba yake. Kama methali ni kweli, mtoto huyu hana siku njema. Kama anwani ni kweli, methali ina walakini. Msomaji anasoma akiwa kati ya madai hayo mawili, na kila tukio linampa sababu ya kuegemea upande mmoja. Anayesema kwamba anwani inafaa kwa kuwa Kongowea hufanikiwa baadaye ametaja matokeo tu. Mabishano yaliyoyapa matokeo hayo uzito hayakumgusa.

Katika Kusadikika (1951), Shaaban Robert anaipa nchi inayoelea angani jina linalodai iaminiwe. Mwanzoni dai hilo ni gumu kukubalika. Lakini mhusika mkuu, Karama, anaposimama kizimbani kwa kosa la kufundisha uanasheria, akaeleza habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta manufaa ya nchi na waliporudi wakatiwa kifungoni, nchi ya kubuni inazidi kufanana na nchi zenye watu na mahakama. Riwaya ilitoka wakati Tanganyika ingali chini ya utawala wa Waingereza, na msomaji wa wakati huo hakuhitaji kuambiwa kipi cha kusadiki.

Inaweza kupingwa kwamba ziko anwani za wazi zisizobishana na chochote. Kuli ya Adam Shafi (1979) inaonekana kuwa mfano mzuri: neno moja, jina la kazi. Lakini anayeianza riwaya hii analichukua neno hilo kama jina la mbeba mizigo wa bandarini Zanzibar, mtu wa kuamrishwa. Kadiri kuli Rashidi na wenzake wanavyoutambua umoja wao hadi kuingia katika mgomo, neno lilelile linageuka kuwa jina la watu wenye sauti. Anwani haikubadilika hata herufi moja. Aliyebadilika ni anayeisoma.

Pingamizi la pili ni la soko: vitabu vingi vya Kiswahili hununuliwa kwa sababu vimeteuliwa kutahiniwa, basi jina lina kazi gani? Hoja hii inahusu mnunuzi, si msomaji. Anayelazimishwa kufungua kitabu ndiye hasa anayehitaji swali lake mwenyewe la kumvusha kurasa za kwanza, na anwani ndiyo inayoweza kumpa swali hilo.

Kwa hiyo kigezo cha ufaafu hakitoshi. Walimu na watahini waulize pia: kitabu kinaikubali anwani yake wapi, na kinaipinga wapi? Swali la namna hiyo halijibiwi kwa orodha. Linamtaka mwanafunzi apime ushahidi, achague upande na autetee, na huko ndiko kusoma fasihi.