Lami Ilipofika Isiolo, Rimu Zikaanza Kung'aa

Kwa miaka mingi, chuma kilichong'aa Isiolo kilikuwa kile kilichouzwa dirishani mwa gari, si kile kilicholibeba gari lenyewe. Msafiri aliposimama kwenye kizuizi cha barabarani akingoja kuruhusiwa kuelekea Marsabit, wachuuzi walimzunguka na bangili za shaba nyekundu, shaba ya manjano na alumini, waya zake zimesokotwa kwa mkono na kusuguliwa zikametameta. Magurudumu hayakuwa na la kutazamwa. Yalikuwa vumbi tupu, na ukilifuta vumbi unakutana na kutu na alama za nyundo.

Leo mambo yamegeuka. Kwenye viwanja vya kuoshea magari vya mji huu, rimu ya alumini hupewa muda zaidi kuliko bodi ya gari, na kuna mwenye gari anayesimama hapo hapo, mikono mfukoni, hadi ya nne ikamilike. Watu wazima hulaumu vijana na magari ya mitumba kutoka Japani. Sikubaliani nao sana. Magari hayo yalianza kumiminika Kenya tangu soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, na Nairobi ikapata rimu zake za madoido mapema. Isiolo haikuwa na sababu ya kuzing'arisha, kwa kuwa lami ilikomea hapa.

Mji huu ulikuwa mlango wa kusini wa ile iliyoitwa Northern Frontier District, NFD kwa ufupi, ambako serikali ya kikoloni haikumruhusu mtu kupita bila kibali. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia waliletwa hapa Wasomali waliokuwa wametumikia jeshi la Waingereza, wakakaa jirani na Waborana, Wasamburu, Waturkana na Wameru. Magari yaliyopita yalikuwa machache, na magurudumu ya enzi hiyo mengi yalikuwa ya mbao au ya chuma kilichokandamizwa kwa mashine kiwandani, yakapakwa rangi basi.

Aliyejua kung'arisha madini wakati huo alikuwa askari. Wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa 1902, alitakiwa vifungo na beji zake za shaba ziakisi jua kwenye gwaride, na Waingereza walikuwa na dawa yao ya kazi hiyo, Brasso, iliyoanza kuuzwa kwao mwaka 1905. Ila nidhamu hiyo iliishia kifuani. Mwaka 1940 na 1941, wakati majeshi yalipokusanyika kaskazini kuwakabili Waitaliano, na wanajeshi wa Afrika Kusini wakatoka Marsabit kuingia kusini mwa Ethiopia, kitu chochote cha kumeremeta juu ya gari kilikuwa hatari, maana rubani wa adui angekiona kutoka mbali. Magari ya vita yalipakwa rangi iliyofifia, na rimu zake vivyo hivyo.

Vita vilipokwisha zikaja Land Rover, zilizoanza kutengenezwa 1948. Zilikuwa na kichekesho chake: bodi ilikuwa ya aloi ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza, lakini rimu zilikuwa za chuma. Walioziendesha huku hawakulalamika. Rimu ya chuma ikipigwa na jiwe hupinda, na iliyopinda hunyooshwa kwa nyundo kando ya njia. Ya alumini iliyomiminwa kwenye kalibu inaweza kupasuka, na mahali kama Dida Galgalu, lile jangwa la mawe meusi ya volkano kati ya Marsabit na Moyale, rimu iliyopasuka ilimaanisha kulala hapo.

Baada ya uhuru vikaja Vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, na sheria za hali ya hatari ambazo kaskazini hazikuondolewa hadi 1991. Magari yalikwenda kwa msafara chini ya ulinzi. Malori yaliyopeleka bidhaa Moyale na kurudi na ng'ombe, abiria wakiwa juu ya vyuma, yalichukua siku mbili kwa safari ambayo sasa humalizika kabla ya jua kutua. Tanboi wa lori kama hilo alijua rimu kwa sauti: akiigonga kwa spana husikia kama ina ufa. Kuing'arisha hakukumpitia akilini, na angefanya hivyo ingekuwa kazi ya mpumbavu, kwa sababu barabara ya makunyanzi ingeirudisha ilivyokuwa kabla ya kufika Archer's Post.

Kwingineko duniani rimu ilikuwa imeshika njia nyingine. Ettore Bugatti alipeleka gari lake la Type 35 kwenye mashindano ya Lyon, Ufaransa, mwaka 1924, likiwa na magurudumu ya alumini yenye mikono minane bapa. Alitaka uzito upungue na breki zipoe upesi. Wamarekani wa mashindano wakaja baadaye na magnesi, nyepesi zaidi, ila huliwa na hewa haraka na inaweza kuwaka moto. Magari ya kawaida yakarudi kwenye alumini. Mtu anayezisugua leo Bulla Pesa, mtaa wa hapa Isiolo, anasugua kitu kilichobuniwa kwa ajili ya kasi, na kasi ndiyo iliyokuwa haipo.

Ilikuja mwaka 2007, mkandarasi kutoka China alipoanza kuweka lami kilomita 136 kutoka Isiolo hadi mto Merille, kwa fedha zilizotoka zaidi Benki ya Maendeleo ya Afrika. Vipande vya Marsabit na Turbi vikafuata, na kufikia 2017 mtu aliweza kukanyaga lami kutoka Isiolo hadi Moyale, kilomita mia tano hivi. Hapo ndipo gari dogo lenye rimu pana lilipopata pa kwenda, na kijana mwenye ndoo na tambara akapata kazi isiyofutwa na kilomita kumi za kwanza.

Kazi yenyewe ina adabu zake. Gurudumu lililotoka safarini haliguswi na maji papo hapo, kwani diski ya breki ikiwa ya moto na maji baridi yakaimwagikia inaweza kupinda. Likishapoa, humwagiwa maji ya kutosha kuondoa mchanga, kwa sababu mchanga ukibaki chini ya tambara ndio unaochora mikwaruzo. Kisha povu, na mswaki mkuukuu wa kupenya kwenye mashimo ya nati. Madoa ya lami hulainishwa kwa tone la mafuta ya taa. Kigumu zaidi ni ule unga wa breki, mweusi unaoelekea kahawia: ni vipande vidogo sana vya chuma vilivyochomoka kwenye diski na pedi vikiwa vya moto, vikajichoma kwenye rangi ya rimu, na vikipata unyevu vinaota kutu humo humo. Kuna dawa za dukani zinazogeuka zambarau zikikutana na chuma hicho. Bei yake huwafanya wengi warudi kwenye mswaki.

Rimu iliyochakaa kabisa hupitishwa msasa wa maji, namba ndogo kwanza, kisha 800, 1200, hadi 2000, halafu hupakwa dawa ya kung'arisha na kusuguliwa kwa kitambaa cha pamba mpaka kitambaa kiwe cheusi. Weusi huo ni alumini yenyewe inayotoka. Wengi hawaambiwi jambo hili: rimu ya kiwandani imevikwa vanishi, na msasa ukishaiondoa, alumini iliyo wazi itafifia kila wiki chache na itarudi kwa yule yule kijana. Ni biashara nzuri kwake. Asiyekuwa na subira hutumia magadi au asidi, vitu viwili vinavyopingana kwa tabia lakini vyote huila alumini. Aliyewahi kupika githeri yenye magadi kwenye sufuria ya alumini ameona inavyobaki nyeusi.

Maji ndiyo ugomvi. Mvua ya Isiolo ni haba, na kuosha magari mtoni hurudisha sabuni na mafuta kwenye maji yanayonywewa na mifugo chini. Sheria ya mazingira ya 1999 inakataza kuchafua maji, lakini wenye ngamia hawakuhitaji kuisoma ili kugombana na waosha magari.

Na mji haujamaliza kugeuka. Barabara ya pili, inayokwenda mashariki kupitia Kulamawe na Modogashe hadi Wajir na Mandera, bado inawekwa lami kwa vipande. Gari lililotoka Moyale linapelekwa kuoshwa. Lililotoka njia ya Wajir wakati wa mvua linakwenda kwanza kwa fundi wa matairi, ambaye huiweka rimu juu ya kipande cha reli na kuinyoosha kwa nyundo ya kilo kadhaa, na hakuna anayemuuliza kama itang'aa.