Hongo na Ujumbe katika Njia ya Ugogo

Wasafiri wa Kizungu waliopita Ugogo katika karne ya 19 wameacha lalamiko moja, nalo ni hongo. Richard Burton aliyepita mwaka 1857, na Henry Stanley aliyepita mwaka 1871, wote wawili walihesabu nguo walizotozwa, wakawaita watemi wa Wagogo wanyang'anyi. Lakini mtu akiyasoma maandiko yao kwa utaratibu ataona ndani yake habari nyingine: habari ya wajumbe, na ya mapatano yaliyofungwa pasipo karatasi.

Kwanza yafaa kuitazama nchi yenyewe. Msafara uliotoka Bagamoyo ulipanda hata Mpwapwa, kisha ukaivuka nyika ya Marenga Mkali isiyo na maji ya kutegemewa. Mbele yake ilikuwako Ugogo, na baada ya Ugogo pori la Mgunda Mkali, ndipo msafara ufike Unyanyembe. Hivyo Ugogo ilikaa kati ya nyika mbili, nayo ndiyo iliyokuwa na visima, mtama na uwele. Hakuna mpagazi awezaye kujitwika mzigo wa pembe pamoja na maji na chakula cha njia nzima. Tena Ugogo haikuwa na mfalme mmoja. Kila nchi ilikuwa na mtemi wake, mlinzi wa mvua na ardhi, na mgeni aliyekunywa kisimani alikuwa amekunywa maji ya mtemi yule. Kwa sababu hiyo msafara ulitoa hongo Mvumi, ukatoa tena Kanyenye, ukatoa tena Mukondoku.

Aghalabu mwenye mali hakwenda mwenyewe mbele ya mtemi. Alimtuma kirangozi, au Mswahili aliyezoea njia, pamoja na nguo chache za kufungulia maneno. Wazee wa mtemi walizikataa, wakataja idadi na aina wazitakazo: merekani, kaniki, nguo za rangi, shanga au masango. Mjumbe alirudi kambini, akaenda tena, na pengine siku kadhaa zikapita. Mjumbe hauawi, lakini mjumbe asiyejua tofauti ya nguo ya mtemi na nguo ya mzee wake aliweza kuuangamiza msafara kwa kiu. Hongo ilipokubaliwa, njia ilifunguliwa, na watu wakaja kambini kuuza nafaka, maziwa na asali.

Nguo iliyokuwa ikigombewa ilikuwa imepitia kwa wajumbe wengine kabla ya kufika kwa Wagogo. Mwaka 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alipatana na Sayyid Said bin Sultan kwamba wafanya biashara wa Kimarekani watoe ushuru wa asilimia 5 tu kwa mali waliyoiteremsha. Mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem katika Massachusetts, alifungua ofisi ya ubalozi mdogo Unguja. Balozi huyu alikuwa pia mfanya biashara, akinunua pembe na sandarusi, akiuza nguo za pamba. Naye Sayyid Said alimtuma Ahmad bin Naaman katika jahazi lake Sultana, akafika New York mwaka 1840 na pembe, karafuu, kahawa na tende, pamoja na zawadi za Rais Van Buren. Safari ile ilikuwa ya heshima, lakini ilikuwa ya soko vilevile. Basi jina la taifa la ng'ambo likageuka kuwa jina la nguo, na mtoto wa Kigogo ambaye hajaiona bahari alijua merekani ni nini.

Hapa ndipo hukumu ya wasafiri inapoanza kuyumba. Ushuru wa forodha ya Unguja uliandikwa, ukaitwa mkataba. Ushuru wa Mvumi ulisemwa kwa kinywa, ukaitwa unyang'anyi. Hata hivyo si haki kuisifu hongo kupita kiasi. Haikuwa na kiwango maalumu, na msafara mdogo ulionewa kuliko ule wenye bunduki nyingi. Tena misafara yenyewe haikuchukua pembe peke yake. Mingine iliongoza watumwa, na hongo ilipokelewa kwao pia.

Mfano wa Mirambo huko Unyamwezi waonyesha jinsi kazi ya ujumbe ilivyo nyepesi kuvunjika. Tangu mwaka 1871 alipigana na Waarabu wa Unyanyembe, mahali alipokaa liwali wa Sultani. Baadaye alitaka njia yake mwenyewe ya kufikia Unguja. Alitafuta urafiki wa John Kirk, balozi wa Uingereza, na mwaka 1879 alimkaribisha Urambo mmisionari Southon, aliyekuwa mganga. Lakini mwaka 1880 Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa vitani na askari wa Mirambo na wenzi wao, na urafiki ule ukapoa. Kazi ya wajumbe wa miaka kadhaa ilipotea kwa vita vya siku moja.

Utawala wa Wajerumani uliikomesha hongo, na reli iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912 iliifuta njia ya wapagazi. Walakini nchi hii haikukoma kuwa mahali pa ujumbe. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu yahamie Dodoma. Serikali ilianza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, na viwanja vikatengwa kwa balozi za nchi za nje. Sera ya mambo ya nje ya mwaka 2001 iliwaagiza mabalozi wa Tanzania watafute masoko na mitaji, na siku hizi wanakieneza Kiswahili pia, lugha ambayo UNESCO iliitengea tarehe 7 Julai kuwa siku yake.

Kiswahili hicho kilipanda bara mabegani mwa wapagazi, na katika Ugogo kilikuwa mojawapo ya lugha ambazo kwazo bei ya maji ilipatanwa. Wale waliokisema mbele ya watemi, wakisimama kati ya kiu ya msafara na haki ya wenye nchi, majina yao mengi hayakuandikwa. Bali kazi waliyoifanya ndiyo ile ile anayotumwa balozi leo.