Nani kahesabu walioingia duarani?

Wiki hii ni usajili wa kozi na mtandao wa chuo umegoma kama kawaida. Kuna mshkaji wetu kakesha mpaka saa nane usiku anasubiri ukurasa ufunguke, maana siku ya mwisho ikipita jina lako halimo, mtihani hufanyi. Watu wote wanalaumu "netiweki". Mi nauliza: kabla seva haijalala, nani alikuwa anaiangalia?

Sisi wa Geita na Shinyanga swali hilo si geni. Kwenye maduara, anayebaki juu mdomoni ndiye anajua wangapi wako chini. Januari 2017 wachimbaji 15 walifukiwa Nyarugusu, na baada ya siku kadhaa wakatolewa wote hai. Uokoaji unaanza na hesabu: wako wangapi, na hewa inafika?

Kompyuta nazo zilipata mtu wa mdomoni zamani tu. Mwaka 1973 kule Marekani, mashine za mfumo wa TENEX tayari zilikuwa zinatoa "wastani wa mzigo", yaani kazi ngapi zinapiga foleni. Unix ikarithi, na Linux ya Linus Torvalds (1991) ikafuata. Ndo maana ukiandika uptime unaona namba tatu: wastani wa dakika 1, 5 na 15. Tangu 1993 Linux inahesabu pia kazi zilizokwama kusubiri diski. Kwa hiyo seva yenye prosesa 4 ikisoma 20, jua kuna foleni, ama ya prosesa ama ya diski. Kumjua anayekula memori unatumia top, ambayo William LeFebvre aliiandika 1984.

Tatizo ni kwamba top inaona ya sasa hivi tu. Mwaka 1994 Tobias Oetiker alikuwa Chuo Kikuu cha De Montfort, Uingereza, ambako laini moja ya kilobiti 64 ndiyo ilikuwa njia yao ya kwenda nje. Kila mtu alitaka kujua imejaa kiasi gani. Akatunga MRTG, inayosoma ruta kila dakika 5 na kuchora grafu, kisha 1995 akaigawa bure. Mwaka 1999 akaleta RRDtool, ambayo faili lake halikui: ya leo inayatunza kwa dakika, ya mwaka jana kwa wastani wa siku. Ni kama bibi anavyokumbuka: jana anakutajia saa, zamani anakutajia msimu.

Hata sisi, kabla waya wa SEACOM haujafika Dar es Salaam mwaka 2009, tulitegemea sana setilaiti, na bei yake mnaijua wenyewe mliokaa intaneti kafe enzi hizo. Laini nyembamba haikuwa hadithi ya Uingereza peke yake.

Sasa jamani, kuweka haya hakuhitaji bajeti ya mgodi. Programu ya sysstat ni ya bure; ukishaiwasha, kwa kawaida inaandika hali ya seva kila dakika 10, na sar inakusomea ya jana na juzi. Wiki ya usajili inajulikana tangu kalenda inatoka! Grafu za mwaka jana zingeonyesha mapema kama memori itatosha. Na ikilala, mwanafunzi anayeomba kuongezewa siku ana ushahidi, haambiwi mvivu.

Sisi wa Historia tunafundishwa kwamba pasipo chanzo hakuna historia. Seva isiyoandika kumbukumbu inatuachia lawama tu.

Haya, nakimbilia kipindi. Tupo pamoja.