Mshabiki, Mteuzi na Wakimbiaji wa Uwanda wa Kati

Katika kila mchezo wako mahakimu wa aina mbili. Wa kwanza ni mteuzi, ambaye hutoa hukumu kabla ya mashindano. Wa pili ni mshabiki, ambaye hutoa hukumu baada ya mashindano kwisha. Mteuzi huhukumu gizani, kwa kuwa jambo bado halijatokea. Mshabiki huhukumu mchana, kwa kuwa jambo limekwisha kuonekana na kila mtu. Kwa sababu hiyo mshabiki aghalabu huonekana mwerevu kuliko alivyo, na mteuzi huonekana mzembe kuliko alivyo. Hata hivyo si haki kumdharau mshabiki. Viongozi wa vyama vya michezo huja na kuondoka, walimu wa timu huajiriwa na kufukuzwa, lakini mshabiki hubaki na kumbukumbu zake. Na mara nyingi yeye ndiye daftari la pekee la mambo yaliyopita.

Katika uwanda wa kati wa Tanzania, yaani Dodoma na Singida pamoja na nyanda za juu za Mbulu na Hanang zinazopakana nao, mshabiki wa riadha ana hukumu moja ambayo imedumu miaka mingi. Husema kwamba wakimbiaji wamejaa katika nchi hii kama mawe ya Singida, na kwamba kilichokosekana siku zote ni macho ya kuwachagua. Hukumu hii ina ushahidi wa kutosha kustahili kusikilizwa, na ina upungufu wa kutosha kustahili kupimwa. Historia ya mbio ndefu ndiyo mizani yake.

Ushahidi wenyewe ni majina. John Stephen Akhwari alizaliwa Mbulu mwaka 1938. Filbert Bayi alizaliwa Karatu, kwenye ukingo wa kaskazini wa nyanda hizo, mwaka 1953. Mwaka 1957 walizaliwa wawili: Juma Ikangaa huko Dodoma, na Gidamis Shahanga huko Katesh, chini ya Mlima Hanang. Alphonce Simbu alizaliwa mkoani Singida mwaka 1992. Ni nadra eneo moja la nchi kutoa watu wa namna hii kwa mfululizo wa miongo, na ni rahisi kusema kwamba ardhi ndiyo iliyowazaa: hewa nyepesi ya nyanda za juu, masafa marefu kati ya nyumba na shule, na kazi ya kufuata mifugo. Lakini hewa ya Mbulu ilikuwa nyepesi tangu kale, na watoto waliofuata ng'ombe ni maelfu kwa maelfu. Kama ardhi ingetosha, mabingwa wasingehesabika kwa vidole.

Akhwari ni mfano wa kwanza wa jinsi kumbukumbu ya umma inavyoweza kupotoka. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, alianguka njiani na kuumia goti, akaendelea akiwa amefungwa bandeji, akaingia uwanjani giza likiwa limetanda, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Alikuwa wa mwisho miongoni mwa waliomaliza. Dunia inamjua kwa mbio hizo, na ni haki ajulikane kwa uvumilivu ule. Lakini ni wachache wanaotaja kwamba mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, mtu huyo huyo alimaliza marathoni akiwa wa tano, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Anayemkumbuka Akhwari wa Mexico pekee humwona mtu aliyepelekwa kuteseka. Anayemkumbuka na Akhwari wa Edinburgh humwona mkimbiaji mahiri aliyeteuliwa kwa haki, akapatwa na ajali. Hukumu juu ya uteuzi haiwezi kutegemea siku moja.

Bayi anaonyesha jambo jingine, nalo ni kwamba mteuzi mwenyewe si mwenye neno la mwisho. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, alitangulia tangu mwanzo wa mita 1,500, hakumsubiri mtu, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia, huku John Walker wa New Zealand akimfuata kwa karibu. Mwaka uliofuata alivunja rekodi ya maili. Ulimwengu wote wa riadha ukangoja wawili hao wakutane Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, nchi ya ubaguzi. Mataifa ya Afrika yakataka New Zealand iondolewe katika Olimpiki. Yalipokataliwa, Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizojitoa. Walker akashinda medali ya dhahabu bila Bayi kuwepo. Hivyo mpira wa raga, ambao watoto wa Karatu hawakuwahi kuugusa, uliamua safari ya mkimbiaji wao. Uamuzi wa kujitoa ulikuwa wa utu, na wakati umeuthibitisha; lakini gharama yake ililipwa na watu wachache waliokuwa katika ubora wa umri wao. Bayi alipata medali ya Olimpiki mwaka 1980 huko Moscow, ya fedha, katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5,000.

Kesi kubwa ya mshabiki, hata hivyo, ni ya Brisbane, Australia, mwaka 1982. Shahanga alikwenda huko akiwa bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola, taji alilolitwaa Edmonton mwaka 1978 akiwa na umri wa miaka 20, wakati ambapo jina lake halikujulikana nje ya nchi. Mara hii aliandikishwa katika mbio mbili. Alishinda kwanza mita 10,000 kwa dakika 28 na sekunde 10.15, na Mtanzania mwenzake, Zakaria Barie, akawa wa pili kwa tofauti isiyofika nusu sekunde. Siku chache baadaye, tarehe 8 Oktoba, Shahanga alisimama tena kwenye mstari wa marathoni, na kando yake alikuwa Ikangaa.

Watanzania hao wawili walijitenga na kundi mapema, wakakimbia kwa mwendo ambao wengine hawakuthubutu kuufuata. Robert de Castella, Mwaustralia aliyekuwa amekimbia marathoni ya Fukuoka mwaka 1981 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 18, aliwaacha waende. Baadaye akaanza kuwafuata. Alimkuta kwanza Shahanga, ambaye miguu yake ilikuwa imekwisha kudai deni la mita 10,000, akamwacha. Katika kilomita za mwisho alimfikia Ikangaa, na hapo likatokea pambano ambalo watu wa Australia wanalisimulia hadi leo: huyu hupita, yule hurudisha, mara baada ya mara. De Castella alishinda kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 18. Ikangaa alimaliza sekunde 12 nyuma yake. Shahanga, bingwa mtetezi, alikuwa wa sita.

Hapo ndipo mshabiki huinuka na madai yake. Husema: Shahanga angepumzishwa asikimbie mita 10,000, au baada ya kushinda angeondolewa katika marathoni, na Ikangaa angeambiwa asitangulie bali amvizie yule Mwaustralia. Madai haya hayana upuuzi ndani yake. Mbio mbili za namna ile katika siku chache ni mzigo mzito kwa mwili wowote, na kutangulia katika marathoni ni sawa na kumkatia mwenzio njia msituni ili apite bila jasho.

Lakini mizani ina vikapu viwili. Kama Shahanga angezuiliwa mita 10,000, medali ya dhahabu iliyopatikana ingetolewa sadaka kwa ajili ya ile isiyojulikana. Kama angeondolewa katika marathoni, bingwa mtetezi mwenye afya angeachwa kando, na mshabiki yule yule angekuwa wa kwanza kulalamika. Tena, bila Shahanga kando yake, hapana ajuaye kama Ikangaa angethubutu kwenda kwa mwendo ule. Na ni mwendo ule uliomtambulisha duniani. Mbio hazikimbiwi mara mbili ili mteuzi na mshabiki wajue nani alikuwa na haki. Ila jambo moja latokeza wazi: orodha ya majina haikuwa na kosa. Watatu hao, Shahanga, Barie na Ikangaa, walistahili kuwepo, na matokeo yalithibitisha. Kilichobaki kuulizwa ni kugawa nguvu na kupanga mwendo, na hayo ni ya malezi, si ya uteuzi.

Hapa hukumu ya zamani ya mshabiki inaanza kuyumba. De Castella hakuwa na miguu bora kuliko Ikangaa kwa kiasi cha kuonekana. Kilichomtofautisha ni miaka ya kulelewa na mwalimu mmoja, Pat Clohessy, aliyemfahamu tangu ujana wake. Wakimbiaji wa uwanda wa kati walilelewa na nani? Jibu lao ni la mchanganyiko. Jeshi la Wananchi liliwapa Bayi na Ikangaa kazi, chakula na muda wa mazoezi. Shahanga na Nyambui walikwenda kusoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, ambako walikuta uwanja, daktari na mashindano ya kila wiki. Wengine walijilea wenyewe barabarani alfajiri. Nchi ilikuwa na Baraza la Michezo la Taifa tangu mwaka 1967, na chama cha riadha kilikuwepo. Lakini kazi ya kila siku ya kumkuza mkimbiaji kwa kiasi kikubwa ilibebwa na kambi ya jeshi, na chuo cha ugenini, na ukaidi wa mkimbiaji mwenyewe.

Uwanda wa kati una somo lake la kale juu ya jambo hili, nalo si la michezo. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, mashariki ya Dodoma. Ardhi ilichaguliwa kwa haraka baada ya ukaguzi wa wiki chache uliofanywa mwaka 1946, sehemu kubwa kutoka angani. Matrekta yakaletwa, fedha zikamwagwa. Udongo wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama saruji, mvua zikakataa, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Mtu aweza kubishana kama ardhi ile ilichaguliwa vibaya. Lakini hata ardhi njema huhitaji mkulima anayeijua na anayekaa nayo mwaka baada ya mwaka. Kuteua ni tendo la siku moja. Kulea ni tendo la misimu.

Maisha ya Ikangaa baada ya Brisbane ndiyo ushahidi mzito zaidi. Huko Los Angeles mwaka 1984 alikuwa wa sita, sekunde moja tu nyuma ya de Castella aliyekuwa wa tano. Hakuchaguliwa upya kama jipya lililogunduliwa. Aliendelea kukimbia, kushindwa kwa sekunde chache, na kujifunza. Mwaka 1986 alishinda Tokyo kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 10. Mwaka 1988 alikosa ushindi wa Boston kwa sekunde moja mbele ya Ibrahim Hussein wa Kenya, akawa wa pili huko tena mwaka 1989 na mwaka 1990. Na mnamo Novemba 1989 alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, rekodi ya njia ile ambayo ilidumu hadi mwaka 2001. Mtu aliyemaliza wa pili mara nyingi kiasi hicho angeweza kuachwa na wateuzi wenye papara. Umri na mazoea ndivyo vilivyomkamilisha.

Baada yake ushindi haukukoma, ila ulikuja kwa vipindi, kama mvua za Dodoma. Mwaka 2005 Christopher Isegwe alipata medali ya fedha ya marathoni katika Mashindano ya Dunia huko Helsinki. Mwaka 2006 Samson Ramadhani alirudi katika ardhi ile ile ya Australia, mjini Melbourne, akachukua dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola ambayo Brisbane iliinyima Tanzania. Kisha wakafuata Simbu na wenzake.

Habari ya Simbu inastahili kusomwa na kila mteuzi. Alikuwa wa tano katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, wa tatu katika Mashindano ya Dunia ya London mwaka 2017, wa saba katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, wa pili Birmingham mwaka 2022, na wa 17 huko Paris mwaka 2024. Mwenye kuhukumu kwa mbio za Paris peke yake angemwambia apumzike, kwa kuwa alikuwa na miaka 32. Aliendelea kufanya mazoezi Arusha, akiwa askari wa jeshi kama Bayi na Ikangaa walivyokuwa. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, katika joto na unyevu, aliingia uwanjani nyuma ya Mjerumani Amanal Petros na kumpita kwenye hatua za mwisho kabisa. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Picha ya mstarini ilionyesha tofauti ya mia tatu za sekunde, yaani sehemu tatu katika mia. Hiyo ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika Mashindano ya Dunia ya Riadha.

Basi hukumu ya mshabiki wa uwanda wa kati yathibitika nusu na kukanushwa nusu. Ni kweli kwamba wakimbiaji wapo. Historia haijaonyesha mwongo mmoja ambao nyanda hizo zilikauka kabisa. Si kweli kwamba kilichokosekana zaidi ni macho ya kuchagua. Akhwari, Shahanga, Ikangaa na Simbu walionekana na wakachaguliwa. Kilichokuwa adimu ni mwalimu wa kukaa na mkimbiaji miaka kumi, wa kumzuia leo ili ashinde kesho, na wa kumvumilia aliyekuwa wa 17 mpaka awe wa kwanza. Mshabiki mwenye haki atauliza swali lake mapema zaidi. Asingoje majina yatangazwe ndipo aulize kwa nini fulani yumo na fulani hayumo. Aulize, miaka minne kabla, ni nani anayemwamsha mtoto wa Katesh au wa Singida alfajiri, na nani anayempimia mwendo wake.