Seli za Daudi

Tarehe 14 Oktoba 1999 Rais Benjamin Mkapa alilitangazia taifa kwamba Mwalimu Julius Nyerere amefariki dunia katika Hospitali ya St Thomas', London. Ugonjwa ulitajwa: lukemia sugu, yaani saratani ya damu ya aina inayokwenda polepole, iliyogunduliwa mwaka mmoja kabla. Siku chache baadaye akazikwa kwao Butiama. Mimi nilizaliwa Bunda baada ya msiba ule, na nikakulia katika mkoa ambao neno lukemia watu walilijua kwa sababu ya mgonjwa mmoja.

Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na kwa mwaka mzima sasa nimekuwa nikifuatilia historia ya saratani za damu kando ya Ziwa. Kilichonishangaza ni jinsi Mara ilivyo karibu na tiba ambayo leo inasifiwa kuliko zote, ile ya kuziunda upya seli za kinga za mgonjwa mwenyewe. Iko karibu kihistoria. Kwa bei, iko mbali sana.

Tiba yenyewe hufanywa hivi. Mgonjwa hutolewa damu, kisha seli T, ambazo ni askari wa kinga ya mwili, huchujwa. Maabara huzipachika jeni mpya. Mara nyingi mbebaji wa jeni hiyo ni kirusi kilichotengenezwa kutokana na kirusi cha UKIMWI, kikiwa kimeondolewa uwezo wa kuleta ugonjwa. (Kwa sisi tuliozaliwa wakati ule kando ya Ziwa, sentensi hiyo si rahisi kuisoma mara moja na kuendelea.) Jeni huifundisha seli T kutambua alama iitwayo CD19, iliyoko juu ya seli B. Seli hizo huzidishwa kwa siku kadhaa, kisha hurudishwa mwilini kwa dripu.

Sasa hizo seli B. Limfoma ya Burkitt ni saratani ya seli B, na jina lake linatokana na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala. Mwaka 1958 aliandika kuhusu watoto waliovimba mataya. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari kukuu na kuzunguka Afrika Mashariki na Kati, hospitali hadi hospitali, wakiuliza: mmewaona watoto wa namna hii? Ramani waliyoipata ilifuata joto na mvua, kwa maneno mengine ilifuata malaria. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wa London wakaona kirusi ndani ya seli za uvimbe uliotumwa kutoka Uganda, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Mara ilikuwa ndani ya ramani ile. Hospitali ya Shirati, ya Kanisa la Mennonite, ilipokea watoto hao, na kuanzia 1977 hadi 1982 wilaya ya North Mara ikawa uwanja wa jaribio: watoto wa chini ya miaka 10 waligawiwa klorokwini ili ionekane kama kuzuia malaria kutapunguza saratani. Musoma, mtaa wa Bweri, nilizungumza na muuguzi mstaafu aliyekuwa msichana upande ule wa mto Mara. Anakumbuka vidonge.

“Vichungu, mjukuu wangu. Wadogo zetu walivificha chini ya ulimi, mgawaji akipinda kona, wanatema kwenye mihogo. Na waliomeza walijikuna usiku kucha.”

Nikamuuliza kama waliambiwa ni vya nini. “Homa,” akasema. Saratani hakuwahi kuisikia ikitajwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1989, nayo hayakuwa na jibu safi. Wagonjwa walipungua, lakini walikuwa wameanza kupungua kabla ya vidonge kufika, na vimelea vya malaria vilikuwa vikizoea klorokwini. Nimelisoma chapisho hilo mara nyingi. Lina majedwali mazuri, lakini kuhusu mihogo halisemi kitu.

Madaktari wa Kampala na Nairobi waliona jambo jingine lililo karibu zaidi na mada yangu. Baadhi ya watoto wenye limfoma ya Burkitt walipona kwa dozi ndogo ya dawa, ndogo mno kuweza kuua uvimbe wote peke yake. Wengine wakajiuliza: je, mwili wenyewe unamalizia kazi? Miongoni mwao alikuwa Peter Clifford, daktari wa upasuaji wa Nairobi, aliyeshirikiana na George na Eva Klein wa Taasisi ya Karolinska, Sweden. Sampuli zilisafiri kwa ndege. Mwaka 1967 uvimbe wa kijana Mkenya wa miaka 16 ulioteshwa maabara, na seli zake hazikufa. Zinaitwa Daudi.

Daudi hazina ile alama ambayo karibu seli zote za mwili huionyesha kwa askari wa kinga kama kitambulisho. Kwa hiyo zikawa shabaha nzuri ya kupimia nani anaua nini. Dada yao, Raji, iliyotoka kwa mtoto wa Nigeria mwaka 1963, ndiyo hutumika hadi leo katika maabara nyingi: ukiunda seli T mpya ya kushambulia CD19, unaiweka pamoja na Raji au Daudi kwanza uone kama inaua. Ziko kwenye majokofu ya Ulaya, Marekani na China, na zinauzwa kwa kichupa.

Mwaka 2010, Philadelphia, timu ya Carl June wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania iliwapa tiba hiyo wagonjwa watatu wa kwanza wenye lukemia sugu ya seli B. Kwa wawili saratani ilitoweka, na miaka kumi baadaye seli zilizoundwa bado zilikuwa zikionekana katika damu yao. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya aina hii, kwa watoto na vijana wenye lukemia kali. Bei ilikuwa dola 475,000, zaidi ya shilingi bilioni moja, kwa mgonjwa mmoja. Baadaye madaktari wa Erlangen, Ujerumani, wakaijaribu kwa lupasi, ugonjwa sugu ambao kinga humgeukia mwenye mwili, na wagonjwa wao wa mwanzo wakaacha dawa walizokuwa wakimeza kwa miaka.

Shangazi yangu wa Bunda ana lukemia sugu. Humeza kidonge kila siku na huenda kliniki Bugando, Mwanza, kwa basi la alfajiri. Nilipomweleza haya yote aliuliza jambo moja tu: “Ingemponya Mwalimu?”

Nilimjibu kadiri ninavyojua. Lukemia sugu ina aina kuu mbili. Moja ilipata kidonge, imatinib, mwaka 2001, na nyingine ndiyo iliyojaribiwa Philadelphia, ambako Mwalimu angefika akiwa na miaka 88. Kwa vyovyote aliondoka mapema mno. Tena aina hiyo ya seli B imekuwa ngumu kuliko walivyotarajia, kwani limfoma na lukemia kali za watoto hujibu vizuri zaidi.

“Na hapa kwetu?”

Hapa kwetu Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikawapandikiza watoto wenye selimundu mwaka 2023. Mwaka huohuo India, wanakopelekwa wagonjwa wetu wengi, iliidhinisha seli T zake za kuundwa, kwa takriban sehemu moja ya kumi ya bei ya Marekani. Nilimpigia hesabu kwa shilingi. Akacheka, akaniambia nimpitishie maji ya kumezea kidonge.