Waziri wa Ofisi ya Rais na mwalimu wa Kate

Baraza la Mawaziri lilipotangazwa Novemba 2025, mijini watu walibishana kuhusu nani kapewa Fedha na nani Mambo ya Nje. Kate, kwenye uwanda wa Ufipa wilayani Nkasi, jina linalogusa maisha ya kila siku ni jingine: Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (Tamisemi). Mwalimu wa shule ya msingi hupangwa kituo kupitia kwake, mganga wa zahanati vilevile, na tangu 2017 barabara ya vijijini iko chini ya Tarura, wakala ulio mikononi mwake.

Haikuwa hivyo siku zote. Enzi za mamwene, yaani machifu wa Wafipa, falme za Nkansi na Lyangalile zilikuwa na watawala wake, mpaka utawala wa machifu ulipofutwa 1963. Mwaka uliofuata mipango ya maendeleo ya nchi iliwekwa ndani ya Ofisi ya Rais, Nsilo Swai akiwa miongoni mwa mawaziri wa nchi walioishika. Shughuli za vijijini zilibaki kwenye halmashauri za wilaya.

Kisha ikaja 1972, na hapo ndipo penye kisa. Halmashauri zilikuwa zimekwishapungukiwa fedha: kodi ya kichwa ilifutwa 1969, na mishahara ya walimu ikachukuliwa na serikali kuu. Mwalimu Nyerere, akishauriwa na kampuni ya Marekani ya McKinsey, alitoa kijitabu chake cha Madaraka Mikoani. Hoja yake ilikuwa nzuri: ofisa wa wilaya asisubiri ruhusa ya Dar es Salaam kwa kila jambo dogo. Kilichotendeka ni kinyume cha jina lenyewe. Halmashauri zilivunjwa, na waliokuja mikoani na wilayani walikuwa wakurugenzi wa maendeleo, waajiriwa wa serikali kuu. Shughuli za halmashauri zikaangukia Ofisi ya Waziri Mkuu, Rashidi Kawawa akiwa ameteuliwa kuishika Februari mwaka huohuo. Ufipa wakati huo ilikuwa bado sehemu ya Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Rukwa, ulioichukua Ufipa, ulizaliwa 1974. Diwani aliyechaguliwa na watu wake alipoteza nguvu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikafutwa, na mkulima wa mahindi akabaki bila hata kile kiti cha pili cha kusemea.

Nyerere mwenyewe hakuficha. Mwaka 1984, alipoulizwa nini asingefanya tena, alitaja mambo mawili: kufuta serikali za mitaa na kuvunja ushirika. Viongozi wachache wa Afrika wamejisema hivyo wakiwa bado madarakani. Sheria za 1982 zilikuwa zimekwishazirudisha halmashauri, na Katiba, ibara ya 145 na 146, ikazitaja kuwa chombo cha kupeleka madaraka kwa wananchi.

Lakini nani azisimamie? Miaka ya mwisho ya Rais Mkapa Tamisemi ilikuwa Ofisi ya Rais. Kikwete akaipeleka kwa Waziri Mkuu, na 2006 waziri wake akawa Mizengo Pinda wa Mpanda, wakati huo ikiwa bado Rukwa. Miaka miwili baadaye yeye ndiye akawa Waziri Mkuu. Magufuli akairudisha kwake 2015, George Simbachawene akiwa wa kwanza. Kwa jirani wa Pinda kupanda kwake kulikuwa fahari ya nyumbani, ingawa sijaona kama fahari hiyo ilipeleka walimu zaidi Kate.

Kuwa chini ya Rais kunampa waziri huyu nguvu: barua yake haipuuzwi na mkuu wa mkoa. Pia kunamfanya diwani aangalie juu kuliko anavyoangalia wapiga kura wake, hali inayokaribia ile ya kusubiri Dar es Salaam ambayo kijitabu cha 1972 kiliilaumu. Baada ya Selemani Jafo kuondoka 2021, kiti kilipita kwa Ummy Mwalimu, Innocent Bashungwa, Angellah Kairuki na Mohamed Mchengerwa, wote wanne kabla ya 2023 kwisha. Mwenyekiti wa halmashauri ya wilaya ya Nkasi aliyetaka kufuatilia ahadi moja katika muda huo alilazimika kuanza maelezo upya kila mara.